Amiga 1200 na diski ya GB 40: mbona DH1 imeila DH0?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mjomba wangu alirudi kutoka Uingereza na Amiga 1200 yake ya zamani, ile kompyuta ya Commodore, akaniachia mimi hapa Tanga. Inawaka vizuri na inasoma flopi. Nilichukua diski ya laptopu iliyokufa, ya inchi 2.5, GB 40, nikaifunga ndani kwa waya bapa wa pini 44. HDToolBox, programu ya Amiga ya kugawa diski, iliiona, ila ilisema ina MB 8,000 na kitu tu. Nikaigawa nusu kwa nusu: kipande cha DH0 cha Workbench (mfumo wa Amiga wenye madirisha), DH1 cha michezo. Wiki nzima hakukuwa na tatizo. Niliendelea kuhamishia michezo DH1 kwa kadi ya PCMCIA (inayoingia kwenye tundu la pembeni), hadi siku moja mashine ikakataa kuwaka kutoka kwenye diski, na sasa DH0 inaandikwa NDOS, yaani mashine haikitambui kipande hicho. Cha ajabu, DH1 bado inafunguka, na HDToolBox inaviona vipande vyote viwili. Kickstart, ile programu iliyo kwenye ROM za mashine, ni 39.106. Je, diski imekufa? Na nifunge vipi upya ili isirudie?

Jibu: Ndugu yangu, diski haijafa na mashine ya mjomba ni nzima. Kilichotokea ni kwamba DH1 imeandika juu ya DH0. Dalili zako zote zinaelekea huko, hata hiyo wiki moja ya amani ina maelezo yake. Kabla hujafanya lolote, shika hili: usifomati kitu, na usiandike hata faili moja zaidi kwenye DH1. Michezo yako bado ipo, lakini mlango wa kuitolea ni mmoja.

Hesabu iliyokuangusha

Kickstart 3.0, ndiyo hiyo 39.106, huitafuta data kwa kuhesabu baiti tangu mwanzo wa diski nzima. Hesabu hiyo inakaa kwenye namba ya biti 32, na namba ya biti 32 inaishia 4,294,967,295. Ukiongeza moja inarudi sifuri, kama mita ya gari kuukuu iliyomaliza tisa zote. Mashine haitoi onyo wala ujumbe wa kosa. Inaandika tu, mahali pengine kabisa.

Sasa tazama diski yako. Zile MB 8,000 na kitu zinatokana na jibu ambalo diski yoyote kubwa huipa mashine ya zamani: silinda 16,383, vichwa 16, sekta 63 kwa kila njia, kila sekta baiti 512. Zidisha unapata baiti 8,455,200,768. Ukiikata katikati, DH1 inaanza karibu na baiti ya 4,227,600,000.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba FFS, mfumo wa faili wa Amiga, hauanzi kujaza mwanzoni mwa kipande. Bloku ya mzizi, inayoshika jina la kipande na orodha ya droo za kwanza, inakaa katikati kabisa ya kipande, na faili mpya hupangwa kuanzia hapo kwenda mbele. Katikati ya DH1 ni karibu na baiti ya 6,341,000,000. Ondoa 4,294,967,296, inabaki 2,046,000,000 na ushei. Katikati ya DH0 nako ni karibu na 2,114,000,000. Kwa hiyo mchezo wa kwanza kabisa uliouweka DH1 uliandikwa ndani ya tumbo la DH0, MB 64 hivi nyuma ya mzizi wake. Sehemu hiyo ya DH0 ilikuwa tupu, ndiyo maana hukuona kitu. Kila mchezo uliofuata ulisogea mbele kidogo, na jumla ilipokaribia MB 64, DH1 ikaukanyaga mzizi wa DH0. Hapo ndipo NDOS ilipotokea.

DH1 inafunguka kwa sababu mashine inaisoma kwa hesabu ile ile iliyopinda ambayo iliandikia. Nayo HDToolBox inaviona vipande vyote kwa kuwa ramani ya vipande, inayoitwa RDB, iko kwenye bloku za mwanzo kabisa za diski, na DH1 haikufika huko. Ungeendelea kujaza ingefika.

Okoa DH1 kabla ya yote

Ushauri utakaousikia kwa wengi ni kuchomoa diski, kuiunganisha na PC na kuifungua kwa WinUAE, programu ya PC inayoiga Amiga. Usianzie hapo. Ukiweka WinUAE yenye mfumo mpya unaohesabu kwa biti 64, kwa mfano AmigaOS 3.2, itautafuta mzizi wa DH1 kwenye baiti ya 6,341,000,000 ya kweli. Huko hakujawahi kuandikwa kitu, kwa hiyo itakuambia DH1 nayo ni NDOS, na utaamini kwamba vyote vimepotea. Windows nayo ikiiona diski isiyoijua itakuomba ruhusa ya kuiandaa. Ukikubali, RDB imekwenda.

Toa faili ukiwa kwenye A1200 ile ile, na Kickstart ile ile. Washa kwa flopi ya Workbench, fungua Shell, kisha andika:

Lock DH1: ON

Amri hiyo inakifunga kipande kisiandikwe hadi utakapowasha upya. Baada ya hapo unganisha kadi ya PCMCIA kama ulivyozoea. Utahitaji nakala ya flopi ya Workbench iliyopunguzwa vitu usivyovihitaji ili ipate nafasi ya compactflash.device (draiva ya kadi) kwenye droo ya DEVS na fat95 (ya kusoma kadi zilizofomatiwa kwa PC) kwenye droo ya L; vyote viwili vinapatikana Aminet, hazina ya programu za Amiga mtandaoni. Kisha:

Copy DH1: CF0: ALL CLONE

Ni vizuri ufanye droo moja moja, si zote kwa mkupuo, kwa sababu kosa likitokea katikati utajua limetokea wapi. Michezo iliyofungwa kama faili za LHA (vifurushi vilivyobanwa) ipime kwa amri ya lha t: itasoma kila kitu ndani na kukuambia kama jumla za uhakiki zinalingana. Iliyopita iweke kando, iliyoshindwa itafute upya. DH0 usihangaike nayo; Workbench inasakinishwa tena kutoka kwenye flopi zake.

Angalizo kwa mwenye kadi ya kuongeza kumbukumbu kwenye mlango wa chini wa mashine: Fast RAM ya MB 8 kwenye kichakataji cha awali cha 68EC020 inagombania anwani na tundu la PCMCIA. Kama kadi ya PCMCIA inaonekana siku moja na kupotea siku nyingine, iweke hiyo kumbukumbu kwenye MB 4 kwa jampa yake, kile kibano kidogo cha pini.

Diski gani uweke

Nunua kadi ya CompactFlash ya GB 4 na adapta ya kuigeuza kuwa IDE ya pini 44. Sababu kubwa ni ile ile hesabu. GB 4 ya dukani ni baiti bilioni 4 hivi, chini ya ule mpaka wa 4,294,967,296. Kadi nzima inaingia ndani ya uwezo wa ROM uliyo nayo, kwa hiyo huhitaji kiraka, draiva mpya wala ROM mpya, na hakuna kona ya diski ambayo siku moja itajizungusha ikaangukia mwanzo. Kwa mashine ambayo mchezo mmoja wa flopi ni KB 880, GB 4 ni bahari.

Usilipie kasi. Mlango wa IDE wa A1200 unatumia kichakataji chenyewe kubeba kila neno la data, na mashine isiyoongezwa kitu hupata kama MB 1 hadi 1.5 kwa sekunde. Kadi kongwe iliyokuwa kwenye kamera ya mpiga picha inatosha kabisa, tena mara nyingi inaelewana na mashine hii kuliko kadi mpya za kasi kubwa. Studio za picha zilizohamia kamera mpya huwa na kadi hizi zimelala drooni. Anzia huko kabla ya kuagiza nje. Kuwa makini tu na kadi bandia zinazotangaza ukubwa ambao hazina.

CF inafaa kuliko SD kwa sababu ya kiumbile: kadi ya CF ina hali ya kufanya kazi kama diski ya IDE yenyewe, na adapta yake ni nyaya tupu zinazobadilisha umbo la kiunganishi. Adapta ya SD lazima iwe na chipu ya kutafsiri katikati, na chipu hiyo ni jambo moja zaidi la kuhangaika nalo.

Kama fedha haipo sasa, hiyo diski ya GB 40 inaweza kutumika kwa usalama, ilimradi ukubali kuiacha sehemu kubwa bila kuigusa. Kwa vichwa 16 na sekta 63, silinda moja ni baiti 516,096. Silinda 8,322 za kwanza, yaani namba 0 hadi 8,321, ni baiti 4,294,950,912, pungufu ya mpaka kwa baiti 16,384 tu. Sitaki ukae ukingoni namna hiyo; ishia silinda ya 8,300. Gawanya hivi: DH0 kuanzia silinda 2 hadi 1,017, karibu MB 500; DH1 kuanzia 1,018 hadi 5,100; DH2 kuanzia 5,101 hadi 8,300. Yaliyobaki yaache tupu, wala usiyape jina. DH1 nimeiweka chini ya GB 2 kwa makusudi, kwa sababu programu nyingi za wakati ule husoma nafasi iliyobaki kama namba yenye alama ya kujumlisha au kutoa, na nafasi ikizidi GB 2 inasomeka hasi. Hapo kisakinishi kitakuambia diski imejaa wakati haina kitu.

Ipo pia njia ya kubadilisha ROM mbili za Kickstart na kuweka 3.1.4 au 3.2, zinazohesabu kwa biti 64. Ni njia njema, ila ni gharama, na kwa mahitaji yako haina haraka.

Umeme

Tanzania ni volti 230 na hezi 50, sawa na Uingereza, na plagi ni ile ile ya miguu mitatu ya bapa, kwa hiyo pawasaplai ya mjomba haihitaji transfoma. Lakini soma lebo iliyo chini yake. Ile nyepesi iliyotoka na A1200 hutoa ampea 3 kwenye volti 5, na ampea 3 hizo zinagawanywa kwa ubao, flopi, kibodi na chochote ulichoongeza. Diski ya laptopu inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta hadi ampea 1 peke yake. Soma lebo yake pia. Ukiongeza kadi ya kumbukumbu au kichakataji, volti 5 inaanza kushuka, na mashine inajiwasha upya yenyewe au diski inatoa mlio wa kugonga na kuanza upya. Kadi ya CF huvuta sehemu ndogo sana ya hiyo. Pawasaplai nzito ya A500 ina plagi ile ile ya mraba na hutoa zaidi ya ampea 4 kwenye volti 5, kwa hiyo ukiipata nzima ni bora.

Pima volti 5 kwa multimita wakati mashine inafanya kazi na diski inasoma, si ikiwa imekaa tu. Chini ya 4.8 tafuta pawasaplai nyingine kabla ya kulaumu diski.

Kufungua na kufunga

Kufungua unakujua, kwa hiyo nitagusa mawili. Kibodi imeunganishwa kwa utepe mwembamba wa plastiki unaoshikwa na kola; inua kola kwanza ndipo uvute utepe, maana utepe ukichanika ni kibodi nzima. La pili, ukiwa umefungua, inamisha taa pembeni uziangalie kapasita ndogo za duara za fedha zilizobandikwa juu ya ubao. Risasi ya miguu yake inatakiwa ing'ae. Ikiwa imefifia na kuwa ya kijivu, au kuna ukijanijani na unyevu unaonata kuzunguka miguu, au ukiigusa kwa chuma cha kulehemu inatoa harufu ya samaki, zimevuja, na majimaji yake yanakula njia za shaba. Mashine hii ni ya kuanzia 1992. Kama kapasita hazijawahi kubadilishwa, ziingize kwenye mipango ya karibuni. Kwenye hewa ya pwani yenye chumvi usichelewe.

Kiunganishi cha IDE cha A1200 ni cha pini 44 zenye nafasi ya milimita 2, safu mbili. Pini 41 na 42 ndizo zinazobeba volti 5 na 43 ni adhi, yaani umeme wa diski unapita kwenye waya ule ule wa data. Hapo ndipo hatari ilipo. Ukigeuza waya, au ukiusogeza pini moja pembeni, volti 5 inaingia kwenye nyaya za data, na kinachoungua kinaweza kuwa ubao. Tafuta namba 1 iliyochapwa kwenye ubao na kwenye adapta, na mstari mwekundu wa waya uwe upande huo pande zote mbili. Kwa kawaida pini ya 20 haipo na tundu lake limezibwa, lakini waya wa bei nafuu mara nyingi hauna kizibo, kwa hiyo usiutegemee. Kabla ya kuwasha, angalia kutoka kila ncha: isionekane pini hata moja iliyobaki nje ya plagi.

Weka jampa ya adapta kwenye Master. Kama ina jampa ya volti, chagua 5, kwa kuwa mawimbi ya ubao wa Amiga ni ya volti 5. Tumia waya mfupi, sentimita 10 hadi 15, kwani njia za IDE za A1200 hazina chipu za kuzisukuma na waya mrefu unaongeza makosa yasiyoeleweka. Adapta nyingi zina sehemu za shaba zilizo wazi upande wa chini. Ibandike juu ya kipande cha plastiki kigumu ili isiguse bati la kinga.

HDToolBox, na kisanduku ambacho watu hukiruka

Washa kwa flopi ya Install 3.0. Mashine nyingi zilizouzwa bila diski hazikuja nayo; lakini wewe umeshatumia HDToolBox, kwa hiyo unayo. Iko kwenye droo ya HDTools. Usishangae kwamba inaitafuta kadi kupitia draiva iitwayo scsi.device. A1200 haina SCSI. Commodore waliliacha jina hilo kwa draiva ya IDE ili programu za zamani zisisumbuke.

Chagua kadi, bonyeza Change Drive Type, kisha Define New, kisha Read Configuration. Kadi itajibu silinda, vichwa na sekta zake. Zidisha mwenyewe namba hizo kwa 512 kama nilivyofanya juu. Jibu likiwa chini ya 4,294,967,296, endelea kwa moyo mweupe. Bonyeza Ok hadi urudi mwanzo, kisha Partition Drive.

Futa vipande vilivyopendekezwa, tengeneza vyako. DH0 ipe MB 300 hadi 500, iwe Bootable, yaani mashine iweze kuwaka kutoka humo. Usiipe zaidi, na sababu ni umeme: ukikatika wakati DH0 inaandikwa, ukiwasha tena FFS itaanza kuhakiki kipande kizima bloku kwa bloku, na wakati huo huwezi kuandika chochote humo. Kipande kidogo kinamaliza mapema, kipande cha GB 2 chenye vitu vingi utaenda kunywa chai na kurudi. Kinachobaki kigawe DH1 na DH2, kila kimoja chini ya GB 2.

Sasa bonyeza Advanced Options, halafu Change File System for Partition. Washa Fast File System na International Mode. Directory Cache iache imezimwa. Inaharakisha kufungua droo lakini inapunguza kasi ya kuandika na kuongeza cha kuharibika. Kwenye dirisha hilo hilo kuna kisanduku cha MaxTransfer. Andika humo:

0x1FE00

kisha bonyeza Enter ukiwa bado ndani ya kisanduku. Usipobonyeza Enter, namba inaonekana lakini haijaingia. Fanya hivyo kwa kila kipande, si DH0 peke yake.

Namba hiyo ni baiti 130,560, yaani sekta 255 za baiti 512. Kwenye lugha ya IDE, idadi ya sekta za ombi moja inakaa kwenye baiti moja, na baiti moja inaishia 255. Ombi la 256 huandikwa kama sifuri. Bila kuiwekea kikomo, FFS inaweza kuomba kipande kikubwa kuliko draiva hii kongwe na diski za baadaye zinavyoweza kuelewana. Faili ndogo zinapita salama, mashine inawaka, kila kitu kinapendeza, kisha picha kubwa inatoka na mistari na faili ya LHA inagoma kufunguka. Watu wamebadilisha kadi tatu, wamebadilisha waya, na tatizo lilikuwa ni kisanduku kimoja. Hata diski yako ya GB 40 sina shaka ilihitaji kikomo hiki, ila ule mpaka wa GB 4 uliiwahi.

Ongeza Buffers (kumbukumbu ya muda ya kipande) kutoka 30 hadi 100. Zinakula kama KB 50 kwa kila kipande, na kwenye mashine yenye MB 2 tu za kumbukumbu usivuke hapo. Rudi dirisha la kwanza, bonyeza Save Changes to Drive, toka, na uwashe upya kwa flopi ile ile.

Kufomati na kupima

Vipande vitaonekana kama DH0:NDOS, DH1:NDOS na DH2:NDOS. Safari hii NDOS ni halali, havijafomatiwa tu. Chagua kimoja, kwenye menyu ya Icons chukua Format Disk, hakikisha FFS na International Mode vimewekwa kama ulivyoweka kwenye HDToolBox, kisha Quick Format. Format ya kawaida inapita kila bloku ya kadi na haina faida kwako hapa. Ukimaliza vyote, endesha kisakinishi kilicho kwenye flopi ya Install, nacho kitakuomba flopi nyingine moja moja.

Washa bila flopi. Ikikataa, zima, kisha washa ukiwa umeshikilia vitufe vyote viwili vya kipanya. Itatokea orodha ya vifaa vya kuwashia. DH0 ikiwemo, maana yake waya na RDB viko sawa, na kosa liko kwenye usakinishaji au umesahau Bootable. Isipokuwepo kabisa, rudi kwenye waya, jampa na pini. Kwa diski ya kuzunguka kuna jambo la tatu: inaweza kuwa inachelewa kushika kasi na mashine inakata tamaa mapema. Bonyeza Ctrl na vitufe vyote viwili vya Amiga kwa pamoja; ikiwaka mara ya pili, hilo ndilo tatizo, nalo kwenye CF halipo.

Ikishawaka usikimbilie michezo. Chukua faili ya LHA ya MB 5 au zaidi uliyoipima kwenye PC kuwa ni nzima, iweke DH1, kisha ipime kwa lha t. Inakili kwenda DH2, pima tena. Rudisha DH0, pima tena. Ikikataa hata mara moja, fungua HDToolBox uangalie MaxTransfer ya kipande hicho kabla ya kitu kingine chochote. Zikipita zote, rudisha michezo yako, kisha kadi yenyewe uichomoe siku moja uitengenezee nakala nzima kwenye PC: kwa WinUAE au programu yoyote ya kunakili diski baiti kwa baiti, na ukatae kila Windows inapoomba kuifomati. Nakala ya GB 4 ni kitu kidogo siku hizi, na kadi ikija kuchoka utaandika nakala hiyo kwenye kadi nyingine na kuendelea ulipoishia, mradi kadi mpya isiwe na sekta chache kuliko ya kwanza.

Mwisho ni tabia ya kila siku. FFS haimalizi kazi pale faili inapoonekana imeshanakiliwa; inachelewa kidogo kuandika ramani ya bloku zilizotumika. Taa ya diski ikizimika, hesabu sekunde tano, ikiwa bado imezimika ndipo uzime mashine au ubonyeze vitufe vya kuwasha upya. Na kama mtaani kwenu umeme unakatika ovyo, UPS ndogo ya kompyuta ya mezani inaitosha A1200 pamoja na skrini yake kwa muda wa kutosha kufunga kazi.